Kaburi la Zuhura kule kwenye magofu

Jumanne usiku, Shaabani

Rajabu, huna haya! Wachimbaji wa chuo wamekuuliza kama kule kwenye magofu kuna watu wetu, ukawajibu, "Hapana, ni mahame tu yale." Dada yako amelala wapi?

Sasa wanajisifu wamegundua mji wa kale hapa Kigamboni. Wamegundua! Mie nafagia makaburi ya wazee pale tangu sijaolewa.

Leo nimekwenda na ufagio wangu kusafisha kaburi la Zuhura kabla ya mfungo. Nikakuta wamezungusha kamba. Binti mmoja wao akanizuia. "Shikamoo bibi. Hapa hapaingiliki, kesho tunachimba upande ule."

Upande ule ndiko aliko mwanangu. Kaburi halina jina. Kichwani tulimwekea jiwe la matumbawe, tena tuliliokota palepale gofuni. Nani atajua kama si la kale?

Nimekwambia jioni, ukacheka. "Mama, wale wamesoma, watajua tu."

Wamesoma, ndiyo. Lakini waliyemuuliza ni wewe.

Nimechoka, hata kalamu naiona nzito.

Kesho alfajiri, kabla ya chai, utakwenda kusimama pale kwenye jiwe la dada yako. Ufagio utaubeba wewe. Na usiondoke mpaka uwaambie kwa mdomo wako kuwa ulisema uongo.