Mtani Wangu wa Mkuyuni

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, mlima wote umejifunika ukungu kama mtu mwenye homa, na mimi naandika upesi upesi. Mwandiko ukipinda, shajara, nivumilie.

Mimi! Mimi niliyeuza kahawa Mombasa, nikasafiri juu ya mabehewa hadi Kigoma, nikamtongoza binti wa karani wa stesheni mbele ya baba yake. Leo nimeogopa.

Ilikuwa zamu yangu ya mlangoni hapa hospitalini. Sisi wanafunzi wa uganga wa zahanati tunafundishwa kupokea wagonjwa wa dharura: nani aingie sasa hivi, nani angoje kwenye benchi. Mwalimu wetu, Mama Sabina, muuguzi wa miaka mingi, ana amri moja anayoirudia mpaka tunaiota: "Shika mkono kwanza, maneno baadaye." Yaani mguse mgonjwa, sikia mapigo, tazama pumzi, ndipo uulize habari. Mimi nikajiona hodari wa watu, nikimtazama mtu usoni tu najua kinachomsumbua.

Asubuhi akaingia mzee kutoka Mkuyuni, Mzee Mloka, kapewa lifti na lori la ndizi la kijiji. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitambua lafudhi yangu papo hapo.

"Marahaba. Ala, Mnyamwezi! Mpagazi wewe, njoo unibebe. Nimeanguka kwenye mfenesi, leo nakufa."

Sasa Wanyamwezi na Waluguru wa milima hii ni watani tangu mababu zetu walipopita huku na mizigo kichwani. Mtani akikurushia neno, ukinyamaza umeuaibisha ukoo mzima.

"Kufa upesi mtani, nina hamu na kuku wa matanga! Nyie mnalima mnaning'inia mlimani kama nyani, leo umeangukaje?"

Benchi zima likacheka na kupiga makofi. Mzee naye akacheka, huku amejishika ubavu wa kushoto.

"Usisahau sanda, mpagazi."

"Sanda ya nini? Gunia la katani linakutosha!"

Nikamwonyesha mahali pa kukaa, mwisho wa foleni.

Nimempeleka mtu anayekufa mwisho wa foleni, na watu wakanipigia makofi.

Nikaingiza kwanza kijana aliyejikata kidole kwa panga, kwa sababu alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Nilipomaliza kumfunga, nikageuka nikamrushia mzee neno jingine, tena lile tamu, la baba mkwe na mbuzi. Hakujibu.

Mtani hanyamazi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikamwendea, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi na umelowa jasho, mapigo yanakimbia, membamba kama uzi. Nikamfunua kope ya chini: nyeupe. Tumbo gumu kama ubao. Damu ilikuwa inamwagika ndani kwa ndani, na mimi nilikuwa nauza vichekesho.

"Mama! Mama Sabina!" Sauti yangu ilitoka kama ya mwana mbuzi.

"Mlaze! Miguu juu! Dripu, haraka!"

Sindano ya kwanza nikaukosa mshipa. Ya pili nikaupata, sijui kwa mkono wa nani. Daktari akaja, akabonyeza ubavu ule, akasema bandama imepasuka, apelekwe kupasuliwa. Wakatafuta damu. Yangu ikaonekana inafaa, nikatoa chupa nzima, na wangeniachia ningetoa ya pili.

Nilipokuwa bado nimelala na pamba mkononi, Mama Sabina alisimama juu yangu.

"Ulimshika mkono wakati gani?"

"Baada ya kumcheka, Mama."

Nilingoja anifokee. Hakunifokea, na hilo limeniuma zaidi.

"Kesho mlangoni ni wewe tena," akasema, akaenda zake.

Ninaogopa, shajara. Nikimaliza mafunzo napelekwa Kisaki, zahanati moja, mganga mmoja, na huyo mganga ni mimi. Huko nitamwita nani kwa sauti ya mwana mbuzi?

Jioni mzee alitolewa chumba cha upasuaji. Yu hai, lakini hajafumbua macho, na daktari hataki kuahidi kitu. Mkewe ameshuka kutoka Mkuyuni, kalowa chapachapa. Kaambiwa habari za damu, akanishika mikono miwili.

"Ahsante, mtani. Sasa mume wangu ataanza kubeba mizigo ya watu."

Alikuwa ananitania, masikini, machozi yanamtoka. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nikakosa neno. Mimi!

Mzee akifa, mila inanitaka mimi mtani niwachekeshe watu msibani, hata nimwige marehemu alivyokuwa akisema. Nitaanzia wapi? "Leo nakufa"? Alilisema lile mbele yangu, kwa kinywa chake, nikaomba kuku.

Kesho kabla ya zamu nitapita wodini. Nitamshika mkono kwanza. Halafu nitangoja pale kando ya kitanda, bila neno.

Ee Mungu, afumbue macho anitukane.