Jina Lililotumbukia Shimoni

Mpendwa dada Mwende,

Nimejifungua salama, msichana. Kesho akina mama wanakuja kumpa jina, na Susu, nyanya yetu, ameshaamua litakuwa lako. Mimi sijakubali. Tangu tukuzike siwezi kulitamka bila sauti kukatika. Nitamwitaje mtoto hivyo kila siku?

Leo nikimnyonyesha nimekumbuka likizo zetu pale Zombe, na ule mchezo uliokuja nao kutoka shule ya bweni. Wewe ulisimulia pango, mimi na kaka Kioko tukasema tunafanya nini, kete zikaamua. Ulikuwa katili, dada yangu! Kasha lenye sindano ya sumu kwenye kufuli, dari linaloshuka, mlango unaotema mishale. Shujaa wa Kioko alikuwa anakufa kabla uji haujapoa. Tukilalamika, unajibu, "Mtego ni mtego. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Siku moja nikaanzisha shujaa mpya, mwanamke, nikampa jina la Susu, Syombua. Kwani msichana akizaliwa kwetu si hupewa la nyanyake? Akaingia pangoni, sakafu ikafunguka, chini kuna miti iliyochongwa ncha. Kioko akapiga kelele, "Syombua amekufa!"

Susu alikuwa kando yetu akiambua mbaazi. Alisimama, ungo ukamwagika.

"Nani amekufa? Wewe Mwende, hiyo shimo ni wewe umechimba?"

"Ni mchezo tu, Susu."

"Mchezo na jina yangu? Jina haikufangi hivyo. Nitoe huko saa hii!"

Ukatazama kete, ukamtazama yeye. Wewe, ambaye hukuwahi kumrudisha mtu! Ukasema polepole, "Haya. Syombua ameshika mzizi. Anapanda." Susu akaketi, akataka kujua shimo lenyewe lilikuwa refu kiasi gani.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini ugonjwa ulipokuchukua, hakukuwa na wa kuamrishwa akutoe. Nina hasira, dada, na ninakukosa vibaya.

Asubuhi nilimwambia Susu kwamba naogopa. Hakunibembeleza. "Mimi nilimzika mjukuu wangu," alisema. "Nataka kumbeba tena."

Basi kesho wakiniuliza, nitasema Mwende. Sauti ikikatika, nitarudia mpaka litoke lote. Nimelijaribu sasa hivi kwa kunong'ona. Amegeuza kichwa, anatafuta kunyonya.

Pumzika, dada. Huyu ananiita.

Mdogo wako