Shuka la Mama Lina Pande Mbili

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa kaka,

Pole na baridi ya huko. Kifua kimepata nafuu? Sisi hatujambo, ila Mama bado hajiwezi kuanzia kiunoni. Chakula anakula, na ulimi wake haujalala hata siku moja.

Mengine si mazuri. Dada yetu Kengele amenigeuka. Tangu achaguliwe katibu wa chama cha walimu anazunguka shule za watu, nami nikajipa moyo kwamba kwangu hatafika. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Shule niliyoianza kwa vyumba viwili na viatu vya mitumba nilivyouza juani, leo walimu wangu kumi na wanane wanaingia darasani, wanakaa, chaki hawaigusi. Mtihani uko wiki tatu mbele. Wazazi saba wamekwisha kuhamisha watoto.

Sikatai, kazi anaijua. Serikali ilimhamisha mara tatu kwa mdomo wake huo, na kila alikopelekwa aliacha tawi la chama. Lakini mimi ni serikali? Anadai nyongeza ya asilimia ishirini. Nimepiga hesabu: nikitoa kumi na mbili tu, nafunga bweni. Na kwenye meza ya mazungumzo ananiita "Mheshimiwa mwajiri." Mimi, niliyemnunulia sare!

Kesho asubuhi atasimama getini kwangu na wenzake. Nami niliomba polisi.

Sasa sikia. Kila jioni tunamwinua Mama kwa shuka ili abadilishiwe kitanda, mimi kichwani, Kengele miguuni. Hatusemeshani, ila "moja, mbili, haya." Leo Mama akiwa juu juu, Kengele akasema, "Bosi, kesho wakinikamata, tafuta mapema wa kushika upande wangu."

Mama akadakia, "Nishusheni kwanza, ndipo mgombane."

Wao wakacheka. Mimi nilitoka nje nikawapitia akilini wote wa nyumba hii, mmoja mmoja. Mke wangu ana mgongo. Wengine nguvu wanazo, lakini hawajui Mama akishikwa wapi anaumia.

Nimempigia mkuu wa kituo wasije. Geti nitalifungua mwenyewe. Usimwambie Kengele, atadhani nimelegea. Asilimia nane ndiyo yangu. Ila ukimpigia, mnong'oneze: kumi hapati, tisa ajaribu.

Msalimie shemeji na wanao, hasa yule Kifimbo wetu. Mama anawaombea. Mungu akuhifadhi ugenini, nasi atuamshe kesho tukiwa bado ndugu.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, mwenye shule.