Miguu Niliyokuinulia

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini barua nisiyoianza kwa salamu ungenirudishia.

Nakuandikia nikiwa Kiwangwa, kwa mdogo wako, Mama Mdogo Siwema. Miguu yake imevimba, Mama. Kama yako. Nilipoiona mwezi uliopita nilikaa chini barazani, nikasahau hata kumwamkia.

Wewe tulisema ni matende. Nani huku pwani asingesema hivyo? Bibi alikuwa nayo, jirani anayo, tukaona na wewe zamu yako imefika. Nikafanya kama walivyotufundisha wanaohudumia wagonjwa wa matende: nikakuosha miguu kwa sabuni kila jioni, nikakufuta katikati ya vidole, nikakuinulia miguu juu ya mito. Ukasema, "Mwanangu, ukiniinua hivi pumzi inakata." Nikakwambia vumilia. Nilikwambia vumilia, Mama! Mito ilitakiwa iwe mgongoni kwako, ukae wima upate kupumua, mimi nikailundika miguuni. Sikujua. Neno hilo nimelisema mara nyingi tangu tukuzike, na halinisaidii kitu.

Kwa Mama Mdogo sikungoja. Nilimpeleka zahanati siku ileile, huku akinisema njia nzima kwamba nina kiherehere. Tabibu akambonyeza muundi kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Akamtazama mishipa ya shingo, akamsikiliza kifua. Kisha akatoa kimashine kisichozidi rimoti ya televisheni, akakiunganisha na simu, akampaka mafuta ya baridi kifuani. Moyo wake tukauona palepale kwenye kioo cha simu, mkubwa, unajikokota.

"Haya siyo matende," tabibu akasema. "Moyo hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanabaki mwilini."

Nililia. Mama Mdogo akadhani namlilia yeye, akaanza kunibembeleza.

Akapewa vidonge, na kimojawapo ni cha kumtoa maji kwa mkojo. Chumvi tumepunguza. Kila asubuhi kabla ya chai namsimamisha kwenye mizani, nami naiogopa mizani ile kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu yeyote. Tabibu alisema uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, tusikae nyumbani.

Leo umepanda kilo mbili na nusu.

Nikatazama vidonge vyake, vile vya mkojo havikupungua inavyotakiwa. Nilipombana akakiri. Wiki hii yote wanawake wanakutana kwa jirani kujiandaa na maulidi, naye hukiacha kidonge siku anayokwenda. "Kila nikikaa nainuka, udhu wangu utakaa saa ngapi?" Dini imemruhusu mgonjwa, na hilo analijua kuliko mimi. Anachoogopa ni macho ya wenzake wakimwona anatoka na kuingia, anatoka na kuingia. Sasa ananiomba tusubiri mpaka kesho kutwa, maulidi yaishe, ndipo twende. Ananiomba huku akisema maneno matatu na kutweta.

Nimekataa. Bajaji nimeshaiita. Yuko chumbani anavaa baibui, anasonya kwa nguvu ili nimsikie. Naandika mbiombio, nisamehe mwandiko. Je, tukichelewa tena? Je, wakisema ningemleta jana? Sina wa kumuuliza haya ila wewe.

Naisikia bajaji inaingia uani. Kwa heri, Mama. Mwenyezi Mungu akupe nafasi huko uliko, na pumzi isiyokatika. Nakuahidi mdogo wako halali nyumbani leo, hata ikibidi nimbebe. Ameshaapa kwamba akikosa maulidi haya hatasema nami mpaka mwakani. Asiseme, Mama. Aninunie mwaka mzima, mradi awepo wa kuninunia.

Mwanao,
Zuhura