Jiwe Ambalo Halikuanguka

Ilemela, Alhamisi usiku

Na lile jiwe halikuanguka. Angalau hapa niandike ukweli. Nilirudisha gari nyuma bila kuangalia, nikaligonga mwenyewe, jiwe limejikalia pale uani tangu enzi za babu. Leseni yangu imeisha muda, bima wasingelipa. Nikawaambia gari lilikuwa limeegeshwa, jiwe likaporomoka kutoka mlimani. Kwa Mwanza hii ya milima ya mawe, nani angebisha?

Leo mkaguzi wao amekuja kupiga picha. Hakubisha. Aliinua macho, akaona jiwe kubwa lililokaa juu ya nyumba ya jirani yangu, Mama Kulwa, akamwita.

"Mama, kama hili limeshuka, na lile litashuka. Usilaze watoto humu."

Mama Kulwa akanigeukia. "Baba Neema, eti kweli?"

Ningesema ukweli pale pale. Lakini mkaguzi alikuwa ananitazama, nikasema, "Kweli, dada."

Hana pa kwenda na wale pacha wake. Jioni akaja kuniuliza, "Lilipoanguka lililiaje? Nataka nikisikia tu, niwahi kuwatoa watoto."

Nikamjibu, kama radi. Ndicho kilichonijia mdomoni.

Sasa mvua imeshafika kutoka ziwani. Radi ya kwanza ilipopiga nikasikia komeo la mlango wake, kisha pacha wanalia nje kwenye mvua. Baadaye wakarudi ndani. Nimevaa viatu, nimevua, nimevaa tena. Kesho asubuhi nitamwambia, au...

Radi nyingine. Komeo hilo.