Watu Niliowaruka

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikakaa nikisubiri marahaba yako, kama mjinga.

Nimeolewa. Ulisema harusi isiahirishwe hata kama hutakuwepo, na wajomba walipotaka kubisha Baba aliwaambia, "Mwenye neno ameshasema." Basi wiki tano baada ya kukuzika nilivaa lile gauni uliloligusa kwa mgongo wa mkono, ukiogopa vidole vyako vya kuchuma chai visilichafue. Elibariki aliponiona naingia kanisani alilia mbele ya kwaya nzima. Nampenda, Mama. Nikimsikia anapiga randa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba nacheka peke yangu. Anaingia na unga wa mbao kwenye nyusi, nami naona Lushoto nzima hakuna mwanamume mzuri kama huyu.

Ila hapo ndipo pekee palipo hai. Kwingine kote nimekufa ganzi. Mazishini sikulia. Shangazi alinong'ona kwamba huyu anawaza harusi, nilimsikia, sikuumia. Hata baridi ya huku naijua kwa kuona wenzangu wamevaa masweta, ndipo nakumbuka langu.

Na Biblia yako sikuifungua. Baba alinikabidhi siku niliyoondoka nyumbani Mponde, imefungwa kwenye kanga yako, nikaiweka juu ya kabati. Elibariki aliniuliza mara moja, "Kwenu si mlikuwa mnasoma kila asubuhi?" Nikasema tutaanza wiki ijayo. Wiki ijayo zikapita nne.

Nikueleze kwa nini. Unakumbuka ulivyonipimia sura kwa uji? Wewe unakoroga, mimi nasoma, kabla hujaenda shambani na mimi shule. Kwenye zile kurasa za fulani akamzaa fulani nilikuwa nakata njia, nikidhani hutagundua kwa kuwa kusoma hukujua. Lakini sura ikiisha na uji haujachemka, ulijua. "Umewaruka watu. Rudi. Mungu kamwandika kila mmoja, wewe nani umruke?" Narudi nimenuna, na njiani kwenda shule wenzangu wananicheka, "Mchungaji kachelewa tena."

Asubuhi yako ya mwisho hakukuwa na uji motoni. Ulikuwa huwezi kumeza. Nilikusomea kitandani, tukafika kwenye majina, ukurasa mzima wa majina, na wewe unavuta pumzi kwa taabu. Nikawaruka. Nikaenda moja kwa moja mwisho wa sura, nikaweka lile pindo lako la kitenge, alama yetu, kwenye sura inayofuata, nikasubiri uniambie nirudi. Hukuniambia. Ulisema, "Asante, mwanangu, nimeshiba." Ilipofika mchana ukaondoka duniani.

Sijui kama hukugundua au ulinihurumia. Hilo ndilo lililoiweka Biblia yako juu ya kabati.

Juzi Elibariki aliishusha mwenyewe. Nilikuwa nakoroga uji. Akalikuta pindo, akaanza pale pale lilipo. Anasoma polepole, kama anayepima ubao kabla ya kuukata. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Rudi nyuma ukurasa mmoja. Kuna watu niliwaruka."

Akanitazama, akarudi. Majina yale yalimtesa, Mama. Alijikwaa kwa kila mmoja, akamrudia, akaenda kwa anayefuata.

"Hawa wote tungewaalika harusini, mke wangu, wali ungetosha?"

"Soma."

"Nasoma. Namhurumia tu mpishi."

Uji ukachemka, ukamwagika jikoni, na wao bado wanazaana.

Sikulia. Ningependa kukuandikia kwamba kitu kilifunguka ndani yangu. Hakikufunguka. Ganzi ilikuwa ile ile. Lakini wewe ulizoea kusema Neno ni kama uji, mtu hangoji njaa. Anakunywa kwa sababu mlima uko mbele. Tulikunywa uliobaki sufuriani, yeye akaenda kwenye randa yake, mimi nikaenda kufua. Tangu uondoke siku zangu zilikuwa zinajipanga tu zenyewe, bila asubuhi wala jioni. Hiyo ya juzi ilikuwa na mwanzo.

Jana tulisoma tena. Leo pia, mimi ndiye niliyesoma, na sauti ilinitoka kavu kama ya karani. Lakini nilisoma.

Pumzika, Mama. Nikimaliza barua hii nitaikunja niiweke ndani ya kanga yako. Nakuahidi tutasoma kila asubuhi, niwe nasikia kitu moyoni au sisikii, na watoto wakija watasoma wao nikikoroga mimi. Hakuna mtu tutakayemruka. Jiko letu ni la gesi, linawahi mno kuchemsha. Kwa hiyo naweka moto mdogo, ili wapate nafasi wote.

Binti yako,
Neema