Samaki wa Bafu Uliloliosha

Mama mkwe wangu mpendwa,

Jumapili hii tunamaliza matanga yako, na mwanao Bisimwa, mume wangu, ameshajiandaa kusimama mbele ya ndugu na kusimulia tena kile kisa cha mama aliyeosha samaki. Unakijua. Amekisimulia katika harusi mbili na ubatizo mmoja, na hata siku tuliyokuzika alikianza uani kwenu Kabare, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Anakisimulia kwa mapenzi, hilo silikatai. Shemeji zangu wakiona mtu anasugua sufuria kupita kiasi humwambia, "Hapana sugua sana kama mama yake Bisimwa." Nami hucheka pamoja nao. Nimecheka miaka kumi na minne.

Nakuandikia kwa sababu kisa hicho ni cha uongo. Tuliojua hivyo tulikuwa wawili, mimi na wewe, na sasa nimebaki peke yangu.

Unakumbuka tulivyokaa mtaa wa Nguba, mjini. Tulipewa kile kijumba cha nyuma cha villa ya wazungu walioondoka, na mkubwa aliyepewa villa yenyewe alikuwa Kinshasa, hakuwahi hata kuja kufungua madirisha. Mafundi wake waling'oa mabafu mawili ya chuma wakayatupa uani, na Bisimwa akayadaka kabla hayajauzwa, akaliweka moja juu na jingine chini kwenye mteremko wa ua, akafuga samaki ndani yake. Wewe ulipofika kutoka Kabare na mfuko wa maharagi kichwani, ulisimama mbele ya mabafu hata mfuko hujautua. Maji yalikuwa ya kijani kizito, samaki hawaonekani.

"Munalishaka batoto na hii maji?" ukauliza.

Bisimwa hakuudhika. Mwalimu wa biolojia akipata mwanafunzi mpya hasikii njaa. Alikushika mkono akakuonyesha pipa lililowekwa juani, na ndani yake kifuko cha mavi ya kuku kilichofungwa kwa kamba. Akakueleza kwamba mwani uko wa aina nyingi, na huu ni mdogo mno, jicho halioni mmoja mmoja, linaona tu maji yamegeuka kijani. Na kijani hicho ndicho chakula cha tilapia. Akakuonyesha tunavyochota maji machafu ya samaki kwa ndoo na kuyamwaga kwenye sanduku la changarawe lenye lengalenga, mchicha wetu, yanachuja polepole na kurudi bafuni.

"Hakuna kitu inatupwa, maman," akasema.

"Hata harufu?"

Tulicheka sisi sote watatu. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja bila kitu kati yetu.

Kwa maana Murhula alikuwa mgonjwa, na ndiyo sababu ulikuja. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Surua ilimwacha, bwaki, ule ugonjwa wa kukosa lishe, ikamshika. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zake ziligeuka rangi ya ndevu za hindi, na hakulia tena, jambo lililoniogopesha kuliko kilio. Muuguzi wa kituo alituambia samaki, kila siku, hata mmoja mdogo. Mishahara ya walimu ilikuwa haijafika, na samaki wa sokoni walikwisha kabla ya mtu kama mimi kufika mbele ya meza. Samaki wa mabafu yale ndio waliokuwa dawa yake. Kila adhuhuri mmoja, nimchemshe, nimtoe miiba, nimponde ndani ya uji. Baada ya wiki mbili uvimbe ulianza kushuka. Muuguzi akatuonya kwamba tukikatiza utarudi, na ukirudi yeye hawezi kuahidi kitu.

Ndipo Bisimwa akaitwa Kalehe kusahihisha mitihani, siku saba. Asubuhi ya kuondoka aliushika mkono wangu akauzamisha bafuni mpaka kwenye kiwiko. "Ukiona vidole, unaongeza kijani. Usipoona, unaacha. Njo ile tu." Akapanda kamio, lori la abiria na mizigo. Mimi nilibaki na mtoto, mabafu mawili, pipa la kijani, na wewe.

Juma lile jua halikutoka. Ilikuwa mvua nyembamba, mawingu yamelala juu ya ziwa kutwa nzima. Siku ya pili kulipopambazuka niliwakuta samaki wote juu, wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanaifungua na kuifumba. Moyo ulinipasuka. Mwaka ule kila mdomo uliofunguka mbele yangu niliusoma njaa. Nilizamisha mkono, vidole vikapotea hata kabla ya kifundo, nami nikajiambia kwamba Bisimwa alitoa sheria yake siku ya jua, hakuwaona hawa wanavyoomba. Nikachota ndoo ya kijani pipani nikamwaga. Siku ya tatu walikuja tena juu. Nikamwaga mbili.

Wewe ulitoka nyuma yangu, kikwembe umejifunga kifuani, na kipande cha bugali cha jana mkononi. Ukakivunja vipande vidogo ukawarushia. Vikaelea katikati ya midomo ile iliyo wazi, na hakuna samaki aliyegusa.

"Hawana njaa, Mama Murhula," ukasema. "Muntu wa njaa hawezi acha chakula mbele yake."

"Ni baridi, Mama."

"Kule kwetu, muto ikisimama, basamaki banafanyaka hivi. Maji imechoka. Tubadilishe."

Nilikujibu nini? Nimejaribu kulisahau, lakini sentensi imekataa kufa. Nilikuambia, "Mama, hii ni mambo ya masomo." Mimi niliyemaliza shule ya ualimu, kwako wewe uliyeuza ndizi ili Bisimwa asome. Ulikusanya vipande vya bugali kutoka majini kimoja kimoja, ukavipeleka kwa kuku. Siku mbili nzima tulizungumza kuhusu mtoto tu: amelala, ameamka, amekojoa. Ijumaa samaki wawili wa bafu la juu walikufa. Niliwapika haraka, Murhula akala, nawe uliitazama mikono yangu inavyoponda.

Jumamosi ilikuwa Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Kila nyumba ilitoa mtu, na shefu wa mtaa alikuwa na daftari la majina, basi nilichukua jembe nikaenda kulima mfereji wa barabara pamoja na wengine. Nilirudi karibu na saa tano. Nilikukuta umepiga magoti ndani ya bafu la chini, majivu mpaka viwikoni, unasugua chuma kwa majivu na mchanga. Samaki wa bafu hilo ulikuwa umewahamishia kwenye beseni ya kufulia. Ndoo tano za maji ya chemchemi zilikuwa zimepangwa kando. Ulizipandisha mlima peke yako, na Murhula mgongoni. Ukalijaza bafu, ukawarudisha samaki mmoja mmoja kwa viganja viwili. Kisha ukachukua ndoo tupu ukageukia bafu la juu.

Mama, kwetu mke wa mtoto hatamki jina la mama mkwe wake. Hampitii mbele. Hamtazami machoni akiwa amekasirika. Hayo nilifundishwa na mama yangu kabla hajanifundisha kupika. Na mimi nilitupa jembe, nikasimama mbele ya bafu lile, nikatanua mikono kama anayezuia ng'ombe.

"Hii hautagusa."

Hukunitazama usoni. Uliitazama mikono yangu, huu wa kulia, kisha huu wa kushoto. Ukaiweka ndoo chini taratibu.

"Sawa, Mama Murhula. Ni nyumba yako."

Jioni hiyo, ili kukuonyesha, nilimwaga ndoo nyingine ya kijani katika bafu la juu. Nataka ulijue na hilo, ikiwa hukuliona.

Jumapili alfajiri nilitoka wa kwanza. Bafu la juu lilikuwa limejaa matumbo meupe. Hakuna hata mmoja aliyetikisika. Nilikimbilia la chini nikiwa tayari nimeshaanza kulia, na nikawaona wako chini kabisa, kumi na mmoja, wanazunguka, maji yameangaza mpaka naona magamba yao. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Ungeweza kusema, nami nilingoja useme. Ulikuja na beseni, tukawatoa wale waliokufa, wameshaanza kunuka, tukawafukia chini ya mgomba wa uani. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo mikono yangu inalikumbuka. Nilimwaga maji yote ya bafu la juu, nikalisugua, haraka, haraka, kabla ya kamio ya Kalehe kufika. Uliniona. Ulikaa kwenye kigoda unamlisha Murhula, na uliniona.

Bisimwa aliingia saa sita na mkungu wa ndizi begani. Alitazama bafu tupu. Alitazama bafu la maji meupe.

"Nani alisafisha?"

Nikasema, "Mama alisugua jana, nilipokuwa Salongo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Angalia nilivyokuwa hodari. Alifikiri uliyaosha yote mawili, na kwamba majivu yamewaua nusu ya samaki wa mwanawe. Akakugeukia. Na wewe, ambaye kwa juma zima hukunitazama usoni, ulinitazama wakati huo. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unaningoja, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize sentensi. Nilijishughulisha na ndizi.

"Ni miye njo nilisafisha," ukasema.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ukingo wa bafu akiwa amevaa abakosti, suti yake ya safari, akasema kwamba kesho kamio ya Kabare inaondoka asubuhi, na mashamba yako yamekaa muda mrefu bila mtu. Ukaitikia, "Ndiyo, papa," ulivyozoea kumwita tangu akiwa mdogo.

Niliogopa, Mama. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo. Niliogopa kwamba Murhula akifa watu watasema ni mama yake aliyeua chakula chake, na kwamba Bisimwa ataniona kila siku nimetanua mikono mbele ya bafu lile. Wewe, nilijiambia, wewe ni mama yake, atakusamehe kabla ya mavuno. Nami sina wa kunisamehe. Nilikuchagua wewe uubebe mzigo kwa sababu mgongo wako ulikuwa na nguvu.

Asubuhi, ukiwa umeshafunga mfuko, ulinivuta jikoni. Nilifikiri sasa ndiyo saa. Ukasema tu, "Hawa kumi na moja, hapana ongeza kijani mpaka jua itoke." Basi. Ukaenda.

Jua lilitoka Jumatano. Baadaye nilisoma kwamba bila jua kijani huimaliza hewa ya majini; midomo ile haikuomba chakula, iliomba hewa. Murhula alikula samaki wako mmoja kila siku, siku kumi na moja. Siku aliyokula wa mwisho, kiatu kiliingia mguuni, akaniambia kinambana, akalia kwa sauti, na mimi nililia zaidi yake. Kesho yake mishahara ikafika, tukanunua samaki wa kula na wadogo wa kufuga, hatukukatiza. Sasa ana miaka kumi na sita na anakula kama watu watatu. Yeye ndiye anayetunza mabafu, na dada zake anawafundisha kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kila mavuno ulitutumia maharagi kwa mkono wa dereva. Mara moja tu nilikuja kwako pasipo Bisimwa kusimama kati yetu. Alikuwa amempeleka Murhula kuangalia ng'ombe. Ulikuwa unasuka kikapu. "Basamaki bangali?" ukauliza. "Bangali, Mama." Ukaacha kusuka, mikono ikatulia juu ya magoti. Tulikuwa na alasiri nzima. Nikaanza kuongea kuhusu mvua. Baada ya kitambo ukaendelea kusuka.

Hapo ndipo nilipofika jana. Nikaiacha barua hii mezani, chini ya kisanduku cha chaki cha Bisimwa, nikaenda kupika. Nilimsikia anaingia. Nilisikia kiti. Halafu karatasi zikageuzwa, moja baada ya nyingine.

Alikuja mlangoni mwa jiko, miwani mkononi.

"Basamaki Murhula alikula," akasema, "balitoka mu bafu gani?"

"Ya mama yako."

Maharagi yaliungua na hakuna aliyeyaepua. Nilidhani atanigeukia mimi, na nilikuwa tayari.

"Nilimupandisha mu kamio na mvua," akasema. "Hata sikumubebea mufuko."

Akatoka akaenda kukaa penye mabafu. Usiku hakula. Leo asubuhi, akifunga vifungo vya shati, bila kunitazama, ameniambia kwamba Jumapili hatasimama. Nitasimama mimi.

Nitasimama, Mama, mikono ikiwa chini. Kisa watakisikia kama kilivyokuwa, mbele ya shemeji zangu na mbele ya Murhula, na wakitaka kunicheka, au kunifukuza, ni haki yao. Wewe ulisema kweli yako kwa maneno manne na ukanyamaza miaka kumi na minne. Yangu nimeichelewesha mpaka umeingia ardhini, na hilo halina dawa. Lala salama, wewe uliyepandisha ndoo tano mlimani na mtoto wangu mgongoni.

Ni miye njo niliwaua.

Mke wa mwanao,
Mama Murhula